Mistari Kumi na Mmoja

Mfasiri alivaa miwani, akaisogeza simu ya binti yake mbali kidogo na uso, akasafisha koo.

"Huyu wa kwanza anasema gemu ni zuri," alisema.

"Anasemaje hasa?" mumewe aliuliza. "Nisomee kama alivyoandika. Usinifupishie."

"Anasema picha zinapendeza mno, utadhani katuni yenyewe imeamka. Anasema kupigana watatu kwa watatu ni raha tupu. Mmoja akichoka unamwita mwenzake anaingia, halafu wote watatu wanamwangukia adui kwa mpigo."

"Na alama?"

"Alama ametoa vizuri tu."

"Ngapi?"

"Sita."

"Kati ya ngapi?"

Mfasiri aliileta simu karibu, akaipeleka mbali tena. "Kati ya nane," alisema.

Binti yao, aliyekuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Ilikuwa sita kati ya kumi. Tena mama yake alikuwa ameruka aya mbili nzima, ile iliyosema wapiganaji ni wachache na wale wanaopendwa zaidi wamefichwa ili wauzwe peke yao, na ile iliyosema kisa kinaisha kabla chai haijapoa. Kiingereza alikijua vizuri, lakini alimwachia mama yake kazi hiyo. Mama alikuwa mfasiri tangu yeye binti hajazaliwa, na ukimwondoa mfasiri kwenye kiti chake utakosa pa kumweka.

"Sita kati ya nane," alirudia baba, akijipapasa kidevu. "Siyo haba. Na sauti? Hakuna aliyezungumzia sauti?"

"Hawa wamecheza kwa Kiingereza, baba," alisema binti. "Sauti yako hawajaisikia."

"Wataisikia."

Pale mtaani baba aliitwa Mzee Radi, na hata waliomdai kodi ya nyumba walimwita hivyo. Miaka thelathini iliyopita kituo cha televisheni kilileta katuni ya Kijapani iliyoitwa *Vijana wa Radi*, mkewe akaigeuza kwa Kiswahili kwa mashine ya chapa, naye akaisoma. Aliisoma yote. Alikuwa Radi, kiongozi. Alikuwa Jiwe, mwenye nguvu. Alikuwa Kijito, yule msichana mdogo wa mwisho. Alikuwa maadui wote, na farasi pia. Baadaye kituo kikaanza kununua vipindi vilivyokwisha kusomwa na wengine, sauti yake ikabaki ya kuitia watu chakulani. Mpaka mwaka huu. Kampuni ya ng'ambo ilitengeneza gemu la katuni ile na ikataka toleo la Kiswahili, mtu mmoja huko akakumbuka kuuliza ni nani aliyekuwa anasoma zamani. Mzee alinyoa ndevu siku tatu mfululizo kwa furaha. Wakamwambia hivi: gemu likipokelewa vizuri, mwisho wa mwaka ataitwa kusoma la pili, kubwa zaidi.

Ndiyo sababu ya kusomewa maoni kila asubuhi. Alikuwa anasikiliza kama atapata kazi.

"Wewe utaandika lini?" alimuuliza binti yake. "Wewe si ndiye mchambuzi? Hao wengine ni wapita njia."

"Bado sijapewa, baba."

"Utapewa," alisema Mzee Radi. "Na wewe utakuwa umesikia sauti."

Alipewa saa tatu asubuhi ileile.

"Siwezi kuliandika hili," alimwambia mhariri wa burudani. "Anayesoma ni baba yangu."

"Najua. Nimekulia kwenye sauti ya baba yako. Mpaka leo nikitaka mwanangu alale namtolea ile ya Jiwe."

"Basi mpe mtu mwingine."

"Nani? Yule wa mpira? Juzi kaniuliza gemu moja lina refa wangapi." Mhariri alikuwa anamenya chungwa juu ya magazeti ya jana, na maganda yalikuwa yameifunika picha ya waziri. "Sikiliza. Juu kabisa andika kwamba ni baba yako. Chini andika ukweli. Kesho saa sita mchana nalitaka mezani, Ijumaa linatoka."

"Na ukweli ukiwa mbaya?"

"Wasomaji wako wananunua magemu kwa hela ya kujibana. Wanakuuliza wewe kwanza kwa sababu hujawahi kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Utaanza leo?"

Binti alichukua kifurushi cha gemu, akaenda kwenye chumba cha stoo walikomwekea televisheni katikati ya majalada ya zamani, akakaa juu ya rundo la magazeti, akacheza.

Lazima isemwe kwamba alifurahi. Muziki wa mwanzo ulipoanza alijikuta yuko kwao tena, saa kumi na moja jioni, sakafu ya saruji, watoto wa mtaa mzima wamekaa na miguu yenye vumbi, na dada yake amekaa mbele kabisa kwa sababu televisheni ilikuwa ya kwao. Katuni ikiisha walipigana juu ya godoro. Dada alikuwa Jiwe siku zote na hakuna aliyethubutu kumpokonya. Yeye, kwa udogo wake, aliambiwa awe Kijito, kazi yake kurushwa. Kisha mlango ungefunguliwa na Radi mwenyewe angeingia, amechoka, ana mkate kwapani, awaamrishe kwa sauti ileile iliyotoka kwenye televisheni waende wakaoshe miguu. Watoto wa wengine walikimbia kwa hofu. Wao wawili walikuwa wanajisikia wakubwa duniani.

Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa nzuri. "Ndugu yangu, zamu yako!" alifoka Radi kila alipobonyezewa kitufe cha kumwita mwenzake, na kila mara mchambuzi alitabasamu peke yake kama mwendawazimu. Aliandika kwenye daftari: ushirikiano wa watatu, safi. Picha, safi. Wapiganaji kumi na wanane tu, aibu. Mtandao unakwama ngumi ikiwa njiani.

Sura ya tatu ya kisa ilimfikisha mlimani. Radi alipiga magoti mbele ya jiwe la kaburi. Chini ya picha yalipita maandishi: *Ulikufa mikononi mwangu, Kijito.* Na sauti ya baba yake ikasema, polepole, "Safiri salama, Kijito. Tutakusubiri."

Alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Maandishi yalisema alikufa, sauti ikasema amesafiri. Akaendelea, na sasa alikuwa hachezi tena, alikuwa anawinda. Adui alimcheka Radi kwa kumpoteza mwenzake, maandishi yakasema *nitalipiza kifo chake*, sauti ikasema "akirudi atakukuta umelala chini." Ikawa hivyo kila pahali palipotajwa kifo cha Kijito. Alipomaliza alihesabu kwenye daftari. Mistari kumi na mmoja.

Alifungua simu aone kama kuna waliotambua. Walikuwapo tele. Wengi walicheka: mzee kasinzia, mzee kasoma karatasi ya gemu jingine, mzee na maandishi wameachana bila talaka. Lakini watu wa rika lake hawakucheka sana. Mmoja aliandika, "Kumbe alikufa? Mimi nilimngoja Kijito mpaka nikaoa." Chini yake wengine zaidi ya mia wakaandika kwamba na wao walingoja. Mwanamke mmoja alisema aliacha kuangalia katuni zote kwa hasira kwa sababu Kijito hakuwahi kurudi wala kuaga.

Mchambuzi aliizima televisheni, akabaki amekaa juu ya magazeti.

Kesho yake hakwenda kazini asubuhi, aliandikia nyumbani. Kwa kweli hakuandika. Alikaa mezani mbele ya kompyuta mpaka baba yake alipokuja kukaa upande wa pili na kikombe chake cha maji ya uvuguvugu, dawa ya koo aliyoinywa tangu arudi kurekodi. Siku ya mwisho kule studio walimtaka apige mayowe arobaini ya mtu anayepigwa, kila yowe mara tatu, na kijana wa mitambo akamwambia la thelathini na moja halikuuma vya kutosha. Alirudi nyumbani akizungumza kwa vidole. Hakulalamika hata siku moja.

"Umelipenda?" aliuliza.

"Kuna mahali nimelipenda sana. Baba, kuna mistari kumi na mmoja umeisoma tofauti na ilivyoandikwa."

Mzee alipuliza maji ambayo hayakuwa ya moto. "Umehesabu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Walioandika karatasi zile hawaijui katuni. Niliwasahihishia."

"Kwenye katuni yenyewe anakufa. Sehemu ya ishirini na sita. Dunia nzima inajua isipokuwa sisi."

"Kwetu hafi."

"Na hao waliokuwa wanakusimamia?"

"Wako ng'ambo kwenye skrini, hawajui hata neno. Nikimaliza wananionyesha kidole gumba." Aliweka kikombe chini. Alipozungumza tena ile sauti ya kusomea ilikuwa imemtoka, ikabaki ya mzee wa kawaida. "Mpaka sasa hawajui, mwanangu. Vijana wanacheka mitandaoni, lakini kule hakuna wa kuwafasiria. Likitoka kwenye gazeti lenu litakatwa, litapelekwa. Wana mtu wa kukusanya magazeti."

"Najua."

"Basi hawataniita kwenye la pili."

"Najua, baba."

"Gemu lina makosa chungu nzima. Wapiganaji wachache, mtandao unakwama, sijui wanauza watu rejareja. Andika hayo. Nafasi itajaa, hakuna atakayekuuliza." Akasubiri. "Mimi sijawahi kukuomba kitu, Kitinda."

Ilikuwa kweli, hajawahi. Kitinda lilikuwa jina lake la utotoni na baba hulitumia akiwa amebanwa. Binti aliinuka akaenda jikoni, na huko alimkuta mama yake amesimama, kisu kimoja mkononi na kitunguu kimoja mbele yake, hakati. Alikuwa amesikia yote. Nyumba yenyewe ukifunua sufuria jikoni sebuleni wanajua kuna nini.

"Mwachie hiyo kumi na mmoja," alisema mfasiri.

"Mama, na wewe?"

"Siyo yake. Ni yangu mimi." Alikikata kitunguu katikati, akakiacha. "Hati ya sehemu ya ishirini na sita ilinifikia Jumatano. Dada yako tulimzika Jumatatu."

Katika nyumba hii dada alitajwa kwa nadra, na daima alitajwa akiwa hai: dada yako alipenda hiki, dada yako alivunja kile. Neno lenyewe lilikuwa halisemwi. Lilikuwa halisemwi kwa muda mrefu mno hata hakuna aliyekumbuka nani alianza kutolisema.

"Kituo kilinipa siku mbili za pole," mama aliendelea. "Ya tatu wakaleta hati, kipindi kinatoka Ijumaa, watoto wa nchi nzima wanasubiri. Nikakaa pale mezani. Nikafika kwenye mstari ule. Vidole vikagoma. Wewe ulikuwa chini ya meza, una miaka mitano, unachezea viatu vyangu. Ukaniuliza dada anarudi lini. Nikakujibu amesafiri. Ndivyo tulivyokubaliana tukuambie. Nikainua mikono nikaandika hilohilo. Baba yako akaenda akalisoma. Hakuniuliza, na mimi sikumweleza. Mpaka leo hatujazungumza."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu alirudi kutoka studio akaniambia, mama watoto, wamekosea kuhusu Kijito, nimewarekebishia. Nikamwambia umefanya vizuri."

Mchambuzi aliegemea jokofu. Alikuwa na huruma, na chini ya huruma kulikuwa na hasira ambayo hakuitegemea, hasira ya mtoto wa miaka mitano.

"Mama, mimi nilimngoja."

"Najua."

"Hujui. Kila siku nilimwekea nusu ya biskuti kwenye sahani yake ya bati, pale dirishani. Nikiamka haipo. Nikajua anakuja nikiwa nimelala, na anaondoka bila kuniamsha. Nilimkasirikia mwaka mzima. Nilipofika darasa la pili mtoto mmoja akanicheka, akaniambia dada yako amekufa wewe, kila mtu anajua. Nikampiga. Nikaadhibiwa. Nikarudi nyumbani mkanikagua mkwaruzo, mkanipaka dawa, hakuna aliyeniuliza tuligombania nini."

Mfasiri alikiweka kisu chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Biskuti nilikuwa nazila mimi," alisema. "Sikuweza kuzitupa."

Mama akaanza kulia bila sauti, akajifuta kwa mgongo wa mkono wenye kitunguu, ikawa mbaya zaidi, na binti akamwoshea macho kwenye sinki huku na yeye analia. Mzee Radi alikohoa sebuleni, akauliza kwa nguvu kama kuna mtu ameona miwani yake. Ilikuwa usoni.

Saa tano na nusu mchambuzi alirudi mezani akaandika bila kusimama. Saa sita kasoro dakika nne akatuma.

Ijumaa Mzee alitoka mwenyewe kwenda kununua gazeti, jambo alilokuwa anamwachia mkewe. Alilisomea njiani. Wapita njia waliomwamkia, "Mzee Radi, zamu yako!" hawakujibiwa. Alipoingia alilikunja, akaliweka juu ya televisheni, akakaa.

Uchambuzi ulianza kwa kusema kwamba msomaji wa toleo la Kiswahili ni baba wa mwandishi, na mwenye kutaka kuacha kusoma hapo aache. Ulisifu mapambano ya watatu kwa watatu, ukasema hakuna gemu la karibuni linalomfanya mtu amhitaji mwenzake kiasi kile. Ukasema limetengenezwa na watu wanaoipenda katuni, na kuuzwa na watu wanaoipenda mifuko yetu. Kisha aya ya mwisho:

"Katika mistari kumi na mmoja, sauti ya Radi inasema Kijito amesafiri. Maandishi yanasema amekufa, na maandishi ndiyo sahihi. Sauti hii haijakosea kwa uzembe. Ilitudanganya tukiwa wadogo kwa sababu ilitupenda, na sasa imetudanganya tena kwa sababu hiyohiyo. Wengi wetu tulimngoja Kijito miaka mingi, tukamkasirikia kwa kutorudi, na yeye hakuwa na kosa. Msomaji huyu ndiye bora tuliyewahi kuwa naye. Arudishwe studio, apewe mistari hiyo tena. Tumekuwa watu wazima, tuambiwe. Tano kati ya kumi."

"Tano," alisema Mzee Radi.

"Tano, baba."

Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho kwa siku tisa. Mzee hakugomba wala hakununa kwa vishindo. Alihamishia mazungumzo kwa mkewe tu. "Mwambie mwandishi chai yake inapoa." "Muulize mwandishi kama ndiye aliyemaliza sabuni." Mwandishi naye akajibu, "Mwambie msomaji sabuni iko pale pale," na mfasiri akabaki katikati anapeleka ujumbe wa watu wanaoonana. Siku ya nne aliwaambia amechoka, kazi hii alistaafu. Hawakucheka.

Barua ya kampuni ilikuja Jumapili kwenye simu ya Mzee. Aliitazama, akamkabidhi mkewe. Binti alikuwa anapiga pasi dirishani.

"Nisomee," alisema Mzee. Na baada ya kumwona anavaa miwani, "Usinifupishie."

Mfasiri alisoma kwanza kimya mpaka mwisho. Kisha akasafisha koo, akaanza tangu salamu. Wamesikitika kugundua kwamba mistari kumi na mmoja haikusomwa kama ilivyoidhinishwa. Wamepokea malalamiko ya wachezaji na kuona habari iliyotoka gazetini. Wanamtaka arudi Alhamisi asome upya, bila malipo ya ziada, kwa mujibu wa mkataba. Safari hii watakuwa na msimamizi anayejua lugha. Hapo alishusha simu. Mumewe alimtazama, na binti akaiinua pasi isije ikaunguza shati.

"Endelea," alisema Mzee.

"Wanasema..." Akairekebisha miwani, akaanza upya. "Wanasema kwa ajili ya gemu la pili wameamua kumtafuta msomaji mwingine. Wanakushukuru kwa mchango wako. Wanakutakia afya njema. Basi, imeisha. Hakuna nilichoacha."

Mzee Radi alitikisa kichwa mara kadhaa. Alikuwa amejiandaa, lakini kujiandaa hakusaidii sana. Uso wake ulizeeka pale pale kitini, na binti yake aliona, akajua ni kazi ya mikono yake, akatamani kwa dakika nzima angekuwa ameijaza nafasi kwa habari za mtandao unaokwama.

"Baba, nisamehe."

"Kwa lipi? Uliandika uongo?"

"Hapana."

"Ulisema mimi ndiye bora mliyewahi kuwa naye."

"Ndiyo."

"Na hilo ulilisema kwa sababu ni baba yako?"

"Hapana."

"Basi." Alinyoosha mkono, akaichukua simu yake kwa mkewe. "Hilo shati lipige vizuri. Alhamisi nalivaa."

Alhamisi saa nne walikwenda wote watatu. Hakuna aliyewaalika wawili wale wengine. Studio ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vioo vya madirisha, na kijana wa mitambo, yule wa mayowe, alimpokea Mzee kwa heshima iliyozidi kidogo, kama mtu aliyewahi kumcheka mahali. Kwenye skrini alikaa mwanamke asiyefahamika, mjuzi wa lugha, akasema shikamoo kutoka mbali.

Mstari wa kwanza aliusoma vizuri. *Nitalipiza kifo chake.* Mara tatu, kama kawaida ya kazi, ili wachague. Wa pili hadi wa kumi ikawa hivyo, na nje ya kioo mkewe alikaa na hedifoni zilizomzidi kichwa, midomo yake ikitangulia kila neno. Binti alisimama nyuma yake.

Wa kumi na moja ulikuwa ule wa kaburini. Mzee aliusoma kwa macho. Akafungua mdomo, akafunga.

"Uko tayari, mzee?" aliuliza fundi mitambo.

"Niko tayari."

Akaanza, "Ul..." akakohoa. Akaomba maji. Akanywa. Akaanza tena, na kilichotoka kilikuwa "Safiri," akainua mkono kuomba radhi kabla hajakemewa.

Mfasiri alivua hedifoni. Alifungua mlango mzito wa chumba cha kurekodia, akaingia, akasimama kando ya mumewe pale alipokuwa akisimama zamani walipofanya kazi pamoja kituoni, bega kwa bega mbele ya karatasi moja. Fundi alitaka kusema haruhusiwi. Binti akamshika mkono.

"Ulikufa mikononi mwangu," alisema mfasiri. Aliusema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeisoma karatasi, ila mikono yake aliiweka mbele kama aliyebeba kitu cha uzito wa mtoto wa miaka tisa. "Soma, baba watoto. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mzee Radi akasoma. Alisoma mara moja tu, na haikuwa sauti ya Radi, ilikuwa yake.

Kijana wa mitambo alisogeza kidole kwenye kitufe cha kumwomba arudie. Akamtazama mwanamke wa kwenye skrini, naye akatikisa kichwa kukataa.

Walipotoka, mwanamke wa mapokezi alikuwa ameshawachemshia chai. Alikuwa mchangamfu, mtu wa kuuliza maswali, na alikuwa amemtambua Mzee kwa sauti. Alisema wao nyumbani walikuwa saba na televisheni ilikuwa ya jirani. Kisha akamgeukia mfasiri, akamwonyesha binti kwa kidole.

"Na huyu ndiye wenu wa pekee, mama?"

Swali hilo binti alilisikia maisha yake yote, dukani, hospitalini, shuleni, na majibu aliyajua: mama hutabasamu, hutazama pembeni, huuliza bei ya kitu.

"Huyu wa pili," alisema mfasiri. "Wa kwanza alikuwa msichana pia. Alikufa, alikuwa na miaka tisa."

"Poleni jamani," alisema yule wa mapokezi, na kwa kuwa hakujua kwamba kuna maswali hayaulizwi, akauliza, "Alikuwaje?"

Mfasiri alimtazama mumewe. Akavuta kiti, akaketi.

"Mbishi," alisema, na kicheko kikamtoka kabla ya machozi. "Mbishi huyo, usiombe."

"Mbishi wapi, alikuwa mgomvi," alisema Mzee Radi, akivuta kiti cha pili. "Sema yote. Aliwahi kumng'oa jino mtoto wa mwalimu mkuu."

"Jino lilikuwa linatikisika!"

"Lilianza kutikisika alipofika yeye."

Binti yao, aliyekuwa na miaka thelathini na mitano na hajawahi kusikia habari ya jino, aliketi chini kwenye zulia kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, akasema, "Anzeni mwanzo."